Je, wajua kwa nini maziwa hayaondoi vumbi la zege kifuani?

Katika mijengo mingi ya Nairobi, fundi aliyeshinda akitoboa slabu hufunga siku kwa pakiti ya maziwa, akiamini kwamba yatamsafisha kifua. Maziwa hayo ni chakula kizuri, ila safari yake huishia tumboni, ilhali vumbi alilolivuta limeshika njia ya hewa na kushukia mapafuni.

Zege huchanganywa kwa saruji, kokoto na mchanga, na sehemu kubwa ya mchanga wa mtoni ni silika, yaani madini magumu yaliyomo kwenye mawe. Ukiwa bado umelala ndani ya lori lililotoka Machakos, mchanga huo haumdhuru anayeupakua, kwa kuwa chembe zake ni kubwa mno kufika ndani ya mapafu. Keekee ya umeme ndiyo inayogeuza mambo: ncha yake hugonga na kusaga chembe hizo hadi nyingine zikawa chini ya mikromita 10, na unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi. Seli za ulinzi za mapafu huzimeza chembe hizo lakini haziwezi kuzivunja, hivyo hufa, na mahali pake hujengeka kovu. Makovu yakizidi mapafu hukakamaa; huo ndio ugonjwa wa silikosisi, ambao hauna tiba ya kuuponya na humwacha mtu katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Mwaka 1997, IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliihesabu silika ya namna hii miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Simama asubuhi katika nyumba isiyotiwa vioo bado, tuseme ghorofa ya tano huko Kilimani, fundi akitoboa dari juu ya kichwa chake. Unga mweupe humwangukia mabegani na kutulia; huo unaonekana, na kila mtu huupangusa. Sasa tazama mwali wa jua unaopenya dirishani: ndani yake kuna moshi mwembamba unaoelea hata baada ya keekee kuzimwa. Chembe zilizo ndogo zaidi huweza kubaki hewani kwa saa kadhaa, na hizo ndizo za kuogopwa.

Mwaka 2016 Marekani iliweka kikomo cha mikrogramu 50 za silika kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8 za kazi. Ukipiga hesabu ya hewa anayovuta mfanyakazi kwa zamu nzima, kiasi hicho kinakaribia uzito wa chembe moja ya sukari.

Kwa sababu hiyo, vumbi hunaswa pale pale linapozaliwa. Kikombe cha mpira huzungushiwa ncha ya keekee, kikaunganishwa kwa bomba na mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio cha HEPA, ambacho hunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Mashine ya kawaida ya kusafishia mazulia haifai hapa, maana huvuta unga mbele na kuutema ule laini kwa nyuma. Maji nayo hufanya kazi nzuri kwenye mashine za kukata matobo makubwa zilizoundwa kuyapokea. Kuyamwaga juu ya keekee ya kawaida iliyochomekwa kwenye umeme ni kutafuta kifo cha haraka zaidi.

Barakoa huja baada ya hayo. Leso iliyofungwa puani huzuia unga mnene tu. Inayohitajika ni ya kiwango cha N95 au zaidi, nayo lazima ishike uso, jambo ambalo ndevu hulizuia.

Anayesahauliwa mara nyingi ni mtu wa mkono anayefagia jioni, wenzake wakioga. Ufagio mkavu huliinua tena hewani vumbi lote la siku nzima, kwa hiyo sakafu inyunyiziwe maji kwanza, na uchafu utiwe kwenye gunia ukiwa bado na unyevu.