Rosa Parks: eti alichoka miguu

Rosa Parks, Mmarekani Mweusi aliyekataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi, anasimuliwa uongo mwingi. Eti alikuwa bibi kizee aliyetoka kazini hoi. Tarehe 1 Desemba 1955, dereva James Blake alipomwamuru anyanyuke ndani ya basi mjini Montgomery, Alabama, Rosa Parks alikuwa na miaka 42. Alikuwa fundi cherehani, na baadaye aliandika kwamba mwili wake haukuchoka kuliko siku nyingine; alichochoka nacho ni kunyenyekea kila mara. Hadithi hii ya miguu kuuma inaudhi kuliko zote, maana inamgeuza mpambanaji kuwa mama wa kuonewa huruma tu.

Eti alikalia kiti cha Wazungu. La. Alikaa sehemu ya katikati, ambako Weusi waliruhusiwa mpaka Wazungu wakose viti. Mzungu mmoja alipokosa pa kukaa, watu wanne wa safu ile walitakiwa waondoke wote, kwa kuwa Mweusi hakutakiwa kukaa safu moja na Mzungu. Watatu wakanyanyuka. Rosa akasogea dirishani, akagoma.

Wengine husema ujasiri ule ulimjia ghafla. Kweli, hakuondoka nyumbani akipanga kukamatwa. Lakini tangu 1943 alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, na mwaka 1944 alitumwa kuchunguza kisa cha Recy Taylor, mwanamke Mweusi aliyebakwa na genge la Wazungu. Miezi michache kabla ya siku ile alihudhuria mafunzo ya wanaharakati kwenye shule ya Highlander, jimboni Tennessee. Na Blake hakuwa mgeni kwake: mwaka 1943 dereva huyohuyo alimfukuza kwenye basi.

Eti alikuwa wa kwanza, na kesi yake ndiyo iliyoangusha sheria ya kubagua Weusi ndani ya mabasi. Machi 1955, mjini humohumo, Claudette Colvin, mwanafunzi wa miaka 15, alikamatwa kwa kukataa vilevile. Rosa alitozwa faini ya dola 10 na gharama za dola 4. Kesi iliyofika Mahakama ya Juu na kushinda Novemba 1956 ni ya Browder dhidi ya Gayle. Colvin alikuwa miongoni mwa walalamikaji, Rosa hakuwemo. Ila kukamatwa kwa Rosa ndiko kulikowasha mgomo wa Weusi kutopanda mabasi, uliodumu siku 381.

Na wanaodhani baada ya hapo mambo yalimnyookea: alipoteza kazi, mumewe akaacha yake, vitisho vikawaandama, na mwaka 1957 wakahamia Detroit.