Maisha ya kidijitali hayajaondoa taka nyumbani

Tangu kompyuta zianze kuenea maofisini, wengi wameamini kwamba karatasi zitakwisha na taka zitapungua. Ni kweli magazeti, barua na bili za karatasi zimepungua majumbani. Lakini taka zenyewe hazijaondoka, zimebadilika sura.

Fungua kifurushi cha kitu kilichoagizwa kwa simu: boksi la nje, mifuko ya hewa, boksi la ndani, nailoni, na katikati kabisa waya wa chaji. Boksi kubwa ambalo zamani lilibaki dukani sasa linaishia kwenye pipa lako.

Zito zaidi ni vifaa vyenyewe. Kwa takwimu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Simu mbovu nyingi hulala tu kwenye droo, na hiyo ni afadhali kuliko kuitupa na betri yake ya lithiamu kwenye pipa la kawaida. Betri hiyo ikibanwa na mtambo wa gari la taka inaweza kulipuka na kuwaka moto, na wa kwanza kuumia ni wazoa taka. Hili linaniuma sana, maana linaepukika: ipeleke panapopokelewa vifaa vya umeme.

Programu za kuuza au kugawa vitu vilivyotumika husaidia, ingawa zinaweza pia kumharakisha mtu kununua kipya, akijua cha zamani kitapata mwenyewe.