Hati ya kurejea si pasipoti

Wiki iliyopita mama mmoja aliniwekea kijitabu mezani, hapa Eastleigh, Nairobi, ninapokatia watu tiketi. "Ni cha mwanangu. Ana pasipoti ya Marekani. Mkatie ya kurudi, apitie Dubai akae kwa shangazi yake siku kumi." Nikakifungua ukurasa wa picha, nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Mahali pa uraia hapakuandikwa USA. Kilikuwa hati ya kurejea, na mwenyewe ni mkaazi wa kudumu wa Marekani ambaye hana nchi inayomwita raia wake.

Maana yake ni fupi. Asiye na uraia ni mtu ambaye hakuna dola inayomhesabu kuwa raia kwa mujibu wa sheria zake; ndivyo unavyosema mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1954 kuhusu watu wasio na uraia. Hati ya kurejea humwezesha kutoka anakoishi na kurudi huko huko.

Tunapoteleza ni kwenye neno lenyewe. Raia tumelipata kwa Waarabu, na kwao ra'iya ni kundi linalochungwa. Mchungaji wake ni ra'i. Maana hiyo ya kuchungwa bado imo ndani ya pasipoti. Dola inamwambia kila askari wa mpakani: huyu ni wangu, akikwama nitamtafuta, akirudi nitampokea. Hati ya kurejea inasema jambo dogo zaidi: huyu anakaa kwangu. Kukaa ndiko kulikozaa ukaazi, na kadi ya kijani ya Marekani ni ya ukaazi, hata mtu akiishika miaka thelathini.

Kosa hili ni la zamani. Mwaka 1922 Fridtjof Nansen, Mnorwe aliyekuwa kamishna wa wakimbizi wa Shirikisho la Mataifa, alibuni hati kwa Warusi waliopoteza uraia wao, na watu wakaiita pasipoti ya Nansen mpaka leo. Ilikuwa cheti tu. Mwanzoni haikumpa mwenye nayo hata haki ya kurudi katika nchi iliyoitoa, kwa hiyo mtu aliweza kutoka akakuta mlango umefungwa nyuma yake. Ndiyo sababu mkataba wa 1954 uliandika wazi kwamba nchi inayotoa hati itampokea mwenye nayo wakati wowote kabla muda wake haujaisha, nao ni kati ya miezi mitatu na miaka miwili. Hati za mkataba huo hubeba herufi XXA mahali pa uraia. Marekani haimo katika mkataba huo. Ina kibali chake cha kurejea, ndicho kile kijitabu cha mezani, cha miaka miwili kwa kawaida. Kinaombwa mtu akiwa bado Marekani na hakiongezwi muda. Akikaa nje mwaka mzima au zaidi, kadi peke yake haimtoshi kurudi. Hata akiwa nacho, afisa wa mpakani bado ana haki ya kumhoji.

Jingine linaloniumiza ni kumwita kila asiye na uraia mkimbizi. Mkimbizi amekimbia, hati yake ina herufi XXB, na wengi wao wana nchi inayowatambua, ila hawawezi kuirudia. Wamakonde waliotembea kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 kudai vitambulisho hawakukimbia popote. Wengi walizaliwa hapa hapa, watoto na wajukuu wa watu walioletwa na kazi za mashamba ya mkonge na miwa. Kuwaita wakimbizi ni kuwatafutia kwao pengine, hali kwao ni Kwale.

Yule mama aliniuliza, "Sasa mwanangu akwame?" Hakwami. Atarudi Marekani kwa hati yake, ila Dubai iko katika nchi ya tatu, na hati ya kurejea haimwombei mtu njia kwa jirani. Tuliandika tarehe ya mwisho ya hati nyuma ya bahasha, nikamwambia kijana aulizie kwanza kama hati hiyo inakubaliwa huko na viza gani inahitajika. Hajanunua tiketi bado.

Kwa hiyo, mama, na wewe unayemsindikiza binamu uwanjani: akikuuliza wakala, sema ana hati ya kurejea Marekani, ili akague viza kabla hajakata tiketi.