Mnyoo kutoka puani: maswali ya wazazi

Binti yangu wa miaka mitano ana kamasi nzito kwa wiki kadhaa. Juzi amepiga chafya, mnyoo mrefu ukatoka puani. Hapa kwetu Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, majirani wanasema amerogwa. Umefikaje huko?

Hajarogwa, mama. Huyo ni askarisi, mnyoo wa utumbo mwembamba, na hufikia sentimita 15 hadi 35. Mtoto humeza mayai yake kwenye mikono yenye udongo au mboga isiyooshwa vizuri. Minyoo michanga hutoboa utumbo, hupitia ini na mapafu, hupanda kooni, kisha humezwa tena na kukomaa tumboni. Homa kali inaweza kuusumbua mnyoo mkubwa hadi upande kooni, na nyuma ya kaakaa kuna njia ya kuingia puani. Mara chache sana hujipenyeza kwenye sainasi, vile vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso. Mnyoo ukiziba tundu la kutolea ute, ute hukwama, bakteria huzaliana, na uso huanza kuuma.

Basi kila akipata mafua nimpe dawa ya minyoo?

Hapana. Kamasi nyingi za watoto hutokana na virusi au mzio, na hata binti yako huenda kamasi zake zina chanzo kingine kabisa. Kamasi ikitoka upande mmoja tu na inanuka, shuku kwanza harage au shanga aliyojiingiza.

Hospitalini watafanya nini?

Mpeleke na huo mnyoo kwenye kikopo. Watapima choo na kuchunguza pua. Daktari wa masikio, pua na koo akiona mnyoo mwingine atautoa kwa koleo. Iliyo tumboni hutibiwa kwa albendazoli, kwa kawaida miligramu 400 mara moja kwa mtoto wa umri wake. Nawasihi, msimwagie mafuta ya taa puani wala msimchokonoe kwa kijiti! Tumbo likivimba na anatapika, msimpe dawa nyumbani, kwani huenda minyoo imeziba utumbo. Uvimbe kuzunguka jicho, shingo kukakamaa au kupumua kwa shida ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Lakini anavaa viatu kila siku.

Viatu humkinga na minyoo ya safura, inayopenya ngozi ya miguu. Askarisi huingia kwa mdomo. Jike mmoja hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, nayo hukaa hai udongoni kwa miaka, hasa kwenye ubaridi na unyevu kama wa Kisoro na Kabale.

Alimeza dawa ya minyoo ya Aprili. Kwa nini minyoo imerudi?

Dawa huua iliyomo tu, haizuii mayai mapya. Ndiyo maana siku za afya ya mtoto, ambapo watoto hupewa dawa hiyo Aprili, hurudiwa Oktoba. Katikati ya hapo ni sabuni baada ya choo na kabla ya kula, karoti zioshwe na kumenywa, na kinyesi kisifike shambani.