Bunduki ya shabaha ya mbali kwa bei nafuu: anzia kwenye risasi

Ukitaka bunduki ya kupigia shabaha ya mbali na mfuko wako ni mdogo, weka kando majina ya bunduki kwanza. Hapa Uganda cheti ndicho kinachotangulia, chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, na kubadili kaliba baadaye si jambo la kuamua jioni na kutekeleza asubuhi. Kwa hiyo wapitie wauzaji wenye leseni uwaulize mambo mawili: kaliba gani haikauki dukani mwaka mzima, na je, naweza kupata masanduku kadhaa yenye namba moja ya kiwandani, yaani yaliyotengenezwa mkupuo mmoja? Bunduki ghali inayolishwa mabaki ya masanduku matano tofauti itatawanya risasi kuliko ya kawaida iliyozoeshwa aina moja.

Kwa anayeanza mimi nashikilia .22 LR, kaliba ndogo, ya boliti, yaani ya kukoki kwa mkono kila risasi. Wengi huidharau, na wanakosea. Risasi yake ya kawaida ya greni 40 (greni ni kipimo cha uzito; 40 ni kama gramu 2.6) hutoka kwa kasi ya mita 325 hivi kwa sekunde. Ukisawazisha darubini kwenye mita 50, kwenye mita 200 risasi imeshuka karibu mita moja na nusu, yaani mili 7 hadi 8 za kupandisha kwenye darubini; mili moja ni sehemu moja ya elfu ya umbali. Hicho ni karibu kiasi kile kile anachopandisha mwenye .308 anayepiga mita 800. Upepo nao: wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni huisukuma risasi kama sentimita 10 kwenye mita 100, na umbali ukiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka takribani mara nne. Somo lote la masafa marefu limo humo, ndani ya uwanja mfupi ulioidhinishwa, na mtutu hauchakai upesi. CZ 457 ni ya kuuliziwa kwanza.

Ukiwa na uwanja wa mita 500 na zaidi, .308 Winchester bado ni chaguo la busara. Mtutu wake hudumu risasi 5,000 au zaidi kabla usahihi haujashuka, ilhali wa 6.5 Creedmoor, pamoja na kuupita upepo vizuri zaidi, huchoka kwenye 2,000 hadi 3,000. Anayetaka .223 asome msokoto wa mifereji ulioandikwa kwenye mtutu: 1:12, yaani mzunguko mmoja kila inchi 12, inafaa vichwa vyepesi vya greni 55, lakini vichwa vya greni 69 hadi 77, ambavyo ndivyo vya mbali, vinataka 1:8 au 1:7. Ukikosea hapo, kichwa huyumba hewani na kutoboa karatasi kwa ubavu. Tundu likiwa refu kama tundu la funguo, ujue msokoto haukitoshi kichwa.

Katika kaliba hizo kubwa, Tikka T3x, Howa 1500 na Savage 110 zimejijengea jina kwa usahihi unaozidi bei yake. Lakini ikague iliyo mbele yako. Chukua noti ya shilingi elfu moja, ipitishe kati ya mtutu na kitako kuanzia mbele hadi karibu na chemba. Ikikwama, kitako kinagusa mtutu, na mtutu ukipata joto risasi zitahama. Rudia jaribio hilo huku umeegemeza bunduki kwenye miguu yake na kuisukuma mbele kwa bega, kwa sababu vitako vya plastiki hupinda hapo hapo. Kitako cha mbao huku kwetu karibu na ziwa huvimba msimu wa mvua. Kilichopita noti Januari kinaweza kukwama Aprili.

Kwa bunduki iliyotumika, hakikisha kwanza chemba ni tupu, kisha zungusha pamba kwenye mdomo wa mtutu. Nyuzi zikinasa, pana kovu, na kovu la mdomoni huharibu njia ya risasi kuliko mkwaruzo wowote wa nje. Triga iwe ya kilo 1 hadi 1.5, ikatike bila kuburuza.

Darubini itengewe pesa sawa na bunduki, na sioni aibu kusema hivyo. Itafute yenye vipimo vya mili kwenye kioo na kwenye vifundo vya kurekebishia vilevile, kila mlio ukiwa 0.1, yaani sentimita 1 kwenye mita 100. Tatizo la za bei ya chini ni safari ya kifundo: ikiwa jumla ni mili 15, nusu tu ndiyo inayobaki ya kupandisha. Reli iliyoinama dakika 20 za pembe inakurudishia karibu mili 6. Skrubu za pete zikazwe kwa nyutoni-mita 2 hivi, kwa bisibisi ya kipimo. Zikizidi, bomba la darubini hubonyea na vifundo huanza kudanganya.

Jambo linalowaponza wengi Kampala ni shinikizo la hewa. Programu ya simu ya hali ya hewa huonyesha namba iliyokwisha kurekebishwa hadi usawa wa bahari, karibu hektopaskali 1,013. Tuko mita 1,200 hivi juu, na shinikizo halisi ni karibu 880. Ukiingiza 1,013 kwenye kikokotoo cha njia ya risasi, kitakuambia hewa ni nzito kuliko ilivyo, utapandisha kupita kiasi, na risasi zitapita juu ya shabaha. Ukienda Kabale, kwenye mita 2,000 hivi, pima upya.

Siku ya kujaribu, piga risasi 10 kwenye doa moja, usipige 3. Kwa wastani kundi la risasi 3 huwa kama asilimia 63 tu ya upana wa kundi la 10, kwa hiyo muuzaji anayekuonyesha karatasi ya risasi 3 zenye sentimita 2.5 anauza bunduki ya sentimita 4.