Kilindi cha bahari au Kilindi cha milimani?

Mama mmoja wa Pangani alinijia na swali ambalo watu wa mkoa huu wa Tanga hunipa kila mara, sura tu ndiyo hubadilika. Mwanawe anaoa, wakwe wameuliza, "Nyinyi ni wa kina nani hasa?" Nyumbani walikuwa na jibu moja: ubini wao ni Shekilindi, kilindi ni maji marefu, basi mababu walikuwa manahodha. Mjomba mmoja alikwenda mbali zaidi, akasema ukoo umetoka Kilindini, Mombasa.

Naelewa kwa nini maelezo hayo yamedumu. Kwa mtu wa pwani kilindi ni pale penye kina, jahazi linapopita bila kugusa mwamba, na Kilindini imepata jina kwa hilo hilo. Ile -ni ya mwisho ndiyo ya Tongoni, yaani kwenye matongo, na ya Ngamiani, kwenye ngamia. Tatizo ni kwamba tunalisoma jina kwa lugha yetu sisi, na aliyelitoa huenda alikuwa akisema lugha nyingine kabisa.

Kilichonishtua mimi ni ile She- ya mwanzo. Katika Kishambaa She- ni "baba wa", kama tunavyosema Baba Fulani. Kwa Wazigua mara nyingi utasikia Se-. Ndiyo maana yule babu wa kale ambaye Wazigua, Wabondei, Wanguu na Washambaa humtaja kama mzazi wao, huitwa Seuta na Wazigua, Sheuta na Washambaa, na wote kwa pamoja hujiita Waseuta. Uta ni upinde. Hata mtawala wa Mazinde wa karne ya 19, mtoto wa Kimweri mfalme wa Washambaa, utamkuta Semboja kwenye karatasi hii na Shemboja kwenye nyingine. Kwa hiyo ukikuta babu mmoja kaandikwa kwa Se- na nduguye kwa She-, usikimbilie kusema ni koo mbili.

Sasa Kilindi yenyewe. Masimulizi ya Ushambaa yanaeleza kwamba Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, alikuwa kigego: meno yake ya juu yaliota kwanza, na ndugu zake wakamwona mkosi. Aliondoka kwao, akakaa Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa pale. Kijana yule akafa katika uwindaji wa nguruwe, na Mbegha akakimbia tena, akapanda milima ya Usambara mpaka akawa mtawala huko Vugha. Uzao wake ndio Wakilindi. Jina la mahali likawa la ukoo, na la ukoo likaingia kwenye ubini wa watu. Mahali penyewe pako bara, mbali na bahari, na tangu 2002 jina hilo ni la wilaya nzima ya mkoa wetu, makao makuu yake Songe.

Mama aliniuliza swali zuri sana: "Basi sisi tumefikaje Pangani?" Njia ilikuwapo. Kimweri ye Nyumbai, wa uzao huo wa Mbegha, aliyetawala Vugha mpaka 1862, mamlaka yake yaliteremka hadi ukanda wa pwani kati ya Tanga na Pangani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea 1848 na tena 1852, akayaeleza haya. Mtu wa Kilindi aliweza kushuka pwani kwa kazi ya utawala bila kuwahi kushika kasia.

Hata hivyo sikumwambia kwamba yeye ni uzao wa Mbegha, na nawasihi wanaofanya kazi hii ya kutafuta asili za koo wasiwe wepesi wa kugawa ufalme. Shekilindi anaweza kuwa mtu aliyezaa mtoto aitwaye Kilindi, basi. Tena baada ya kifo cha Kimweri vita vya warithi viliivuruga nchi, watu wengi wakauzwa Pangani, na wapo waliochukua jina la bwana au la mwenyeji aliyewapokea. Hiyo nayo ni historia ya familia, na inastahili kuandikwa kwa heshima ile ile.

Kwa nisba za Kiarabu, yaani majina yanayoonyesha asili ya mtu, sitakaa sana. Al-Harthi, kama la Bushiri aliyepigana na Wajerumani akanyongwa Pangani Desemba 1889, ni la kabila la Oman. Ukitafuta kijiji cha jina hilo pwani hii utapoteza muda.

Siku ya pili mama alifungua sanduku, akatoa karatasi ya enzi ya Wajerumani iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuachia. Jina lilikuwa limeandikwa Schekilindi. Hiyo sch ni sh yetu, kama vile Vugha walivyoiandika Wuga. Ukitafuta kwenye madaftari ya wakati ule kwa tahajia ya leo, hutaliona. Na jina lilikaa nafasi ya tatu, baada ya la mtu na la babaye. Zamani ubini ulihama kila kizazi: fulani bin fulani bin fulani. Shule na ofisi zilipotaka jina la mwisho, la babu likagandishwa pale lilipo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa ukoo wowote ni hili: jina liliganda kwa mtu yupi? Kwao liliganda kwa babu wa mumewe, si zaidi.

Jibu zito lilitoka kwa bibi mkubwa wa nyumba, aliyekuwa amelala chumbani muda wote tukibishana. Nilimwamkia, nikamuuliza utotoni walikwenda wapi kufanya tambiko.

"Tulikuwa tukipanda," akasema.

"Kupanda wapi, bibi?"

"Juu. Kwa miguu siku nzima, halafu kunakuwa na baridi."

Akataja wafu kwa mpangilio waliotajwa kwenye tambiko, majina sita, na mahali pawili. Nimeyaandika kama alivyoyatamka, pamoja na pale aliposita. Masika yakiisha na njia ikikauka tutampandisha kwa gari, atuonyeshe mwenyewe palipo na makaburi.