Kawa juu ya globu: tunayoambizana kuhusu kupamba taa

Taa ya sebuleni kwetu Mikindani ilikuwa ya kawaida kabisa: waya kutoka darini, holda, globu. Leo imevaa kawa ya ukili, ile ya kufunikia chakula, niliyoitoboa kileleni ikawa kofia. Usiku vivuli vya msuko wake vinatambaa ukutani. Wageni husifu, halafu huanza kunipa ushauri, na mwingi si wa kweli.

“LED haipati moto, ifunike utakavyo.” Hili ndilo nalisikia zaidi. Kweli, globu ya zamani ya wati 60 ilikuwa jiko: sehemu kubwa ya umeme wake iliishia kuwa joto. LED ya wati 9 inatoa mwanga unaokaribia ule ule. Lakini iwashe saa nzima, izime, kisha sogeza mkono kwenye shingo yake. Joto limejaa pale kwenye kitako, na ndipo vilipo vifaa vyake vya kielektroniki. Ukiifungia ndani ya chupa au mtungi usiopitisha hewa, itakufa mapema, nawe utalalamika kwamba umeuziwa feki. Kawa, kung’uto na kikapu vina matundu, ndiyo maana navipenda. Hata hivyo nimeacha nafasi ya kiganja kati ya globu na ukili. Globu ya zamani sitii humo kabisa. Ukili mkavu ni kuni.

“Nimeshazima swichi, hakuna umeme.” Hapa tusitaniane. Swichi ya taa kwa kawaida hukata waya mmoja tu, na unapaswa kuwa wa laivu, ule unaoleta umeme. Fundi akichanganya, inakata nyutro, ule wa kurudishia umeme: taa inazimika huku volti 230 zikikusubiri ndani ya holda. LED inayobaki na kamwanga hafifu baada ya kuzimwa yaweza kuwa dalili ya hilo. Zima meni swichi, halafu pima kwa tesita. Na tesita yenyewe ijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, usije ukaiamini iliyokufa. Ukikuta nyaya zimechanganywa au zimechubuka, mapambo yasubiri, mwite fundi.

Wapo wanaoshikilia kwamba kava lazima ligundishwe. Tazama holda ya pini: nyingi zina pete ya kufungua kwa mkono, ambayo wengi tunaiona pambo. Imewekwa mahsusi kwa ajili ya kava. Nilichora tundu kwa kufuata pete hiyo, nikakata kwa mkasi, nikashona ukingo kwa uzi wa nailoni ili ukili usifumuke, nikapachika, nikakaza. Gundi ya moto, ile ya vijiti, hulainika kwa joto, ya nini?

Kawa ni nyepesi, waya hauhisi kitu. Ukitaka kuning’iniza chungu, au kazi nzito ya mpingo ya Wamakonde, usidhani waya ni kamba. Funga ndoano kwenye mbao za dari ibebe uzito, waya ubaki umelegea.

Kuhusu kutu, sisi wa pwani tunajidanganya sana. Mtu ana taa ya bati barazani, imeliwa na hewa ya chumvi, anapuliza rangi ya dhahabu juu yake. Huko ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Kutu inaendelea chini kwa chini mpaka rangi inabanduka. Ishushe taa, piga msasa mpaka bati ling’ae, futa vumbi, paka praima, ndipo rangi.

Na mwanga mweupe haumaanishi mwanga mkali zaidi. Wingi wa mwanga husomwa kwenye lumeni. Namba yenye herufi K ni rangi yake tu. Niliweka ya 6500K kwanza, sebule ikafanana na duka la dawa. Ya 3000K imeupa ukili rangi ya asali.

Jambo moja sikuambiwa na yeyote: kawa ikishatobolewa hairudi kufunika wali. Ile ilikuwa ya bibi, na sikumuuliza.